Kabla ya kukopa cherehani ya pili, tengeneza meza ya kukatia



Leo naongea na mafundi cherehani mnaoshonea nyumbani. Wale ambao chumba cha kulala ndiyo ofisi, kitanda ndiyo meza, na mkeka ndiyo sehemu ya kukatia. Wengi mkipata oda mbili tatu wazo la kwanza ni kuongeza cherehani, na wengine mnafikia mpaka kukopa. Ninachosema mimi ni hiki: kabla ya cherehani ya pili, tengeneza meza ya kukatia. Inatengenezeka kwa mbao tano na karatasi moja ya plaiwudi. Nitakupa vipimo vyote, vifaa na hela niliyoona inatoka.

Soma mpaka mwisho, maana kuna hesabu ndani yake.

KWA NINI MEZA KWANZA

Nina duka dogo la vifaa vya ushonaji. Nauza uzi, zipu, vifungo, lastiki na sindano, kwa hiyo mafundi wananipitia kila siku na shida zao nazijua. Mwaka jana mwezi wa tisa alikuja dada mmoja, jirani yangu hapa Bulyaga, anashonea nyumbani. Akaniambia, "Mdogo wangu, sare za shule zinakuja, mashine moja hainitoshi. Kuna watu wananipa laki tatu nikaongeze cherehani."

Nikamuuliza, "Dada, marejesho yakoje?"

Akasema elfu thelathini kila wiki, wiki kumi na tatu. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni 390,000. Unakopa laki tatu, unarudisha na elfu tisini juu, na wiki ya kwanza tu unaanza kulipa, kazi iwepo isiwepo. Hii ndiyo mikopo watu wanaiita kausha damu. Na dhamana waliyotaka ilikuwa cherehani aliyonayo pamoja na ile atakayonunua. Ikikwama wiki mbili, anabaki hana hata ile ya mwanzo aliyoachiwa na mama yake.

Sikumwambia asikope. Nilimwomba kitu kimoja tu: achukue daftari, kwa siku tatu aandike cherehani inazunguka muda gani na muda uliobaki anafanya nini. Aliporudi, daftari lilikuwa linaongea lenyewe. Kwa siku ya masaa nane ya kazi, cherehani ilizunguka chini ya masaa matatu. Mengine yote yaliishia kwenye kutandika mkeka, kupanga kitambaa, kupiga magoti kukata, kunyanyuka kupumzisha mgongo, kutafuta mkasi na chaki, na kusubiri mtoto aamke ili kitanda kiwe wazi. Siku moja alipoteza asubuhi nzima kufua kitenge cha mteja kilichoingia uji.

Sasa jiulize. Kama cherehani moja inalala masaa matano kwa siku, ya pili itafanya nini? Nayo italala.

Kanuni ninayowapa mafundi wote ni hii. Ukiona vipande vilivyokatwa vinasubiri mashine, ongeza mashine. Ukiona mashine inasubiri vipande, tengeneza meza. Jirani yangu alikuwa upande wa pili. Hakuchukua ule mkopo. Tulitengeneza meza ndani ya Jumamosi mbili, mimi, yeye, na mzee mmoja seremala aliyetuazima drili na kutusahihisha pale tulipohitaji.

PIMA MWILI WAKO KABLA YA KUPIMA MBAO

Meza ya kulia chakula ina kimo cha inchi 30 hivi. Ni ya mtu aliyekaa. Ukikatia hapo umesimama, lazima uiname, na jioni kiuno kinakwambia. Meza ya kukatia inafuata kiwiko chako.

Vaa viatu au ndala unazofanyia kazi. Simama wima, kunja mkono kiwiko kiwe kama kona ya mraba, mtu apime kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Toa inchi 3 au 4. Hicho ndicho kimo cha meza yako. Jirani yangu kiwiko chake kilikuwa inchi 39 na nusu, tukafanya meza ya inchi 36. Fundi anayefanya kazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu apime akiwa amekaa kwenye kiti chake, na chini ya meza aache nafasi ya magoti, asiweke rafu wala mbao za chini upande anaokaa.

UKUBWA: FUTI 3 KWA 6, NA BAWA LA FUTI 1

Ukubwa huu haukutoka hewani. Umetokana na vitambaa vyenyewe.

Kitenge upana wake ni kama inchi 45 au 46. Ukitaka kukitandaza bila kukunja, unahitaji meza yenye upana wa futi 4, yaani inchi 48. Vitambaa vingi vya sare vina upana wa inchi 58 hadi 60, lakini hivyo kwa kawaida unavikunja katikati, vinabaki inchi 30, kwa hiyo meza ya futi 3 inatosha na inabaki.

Shida ni chumba. Vyumba vingi vya kupanga ni futi 10 kwa 10, ndani yake kuna kitanda, kabati na cherehani. Meza ya futi 4 muda wote itakufukuza ndani. Kwa hiyo tunafanya ya futi 3, na mbele tunaweka bawa la futi 1 kwa bawaba. Siku ya kitenge unalinyanyua, siku ya sare unaliacha linaning'inia.

Urefu wa futi 6 nao una faida yake. Futi 6 ni yadi 2 kamili. Kitenge cha yadi 6 ni meza tatu, basi. Ukitandaza mara tatu ukaona kimepungua, unajua hapo hapo kwamba umeletewa pungufu, na unamwambia mteja kabla hujaweka mkasi. Hiyo peke yake inakuepusha na ugomvi.

VIFAA NA HELA

Bei hizi ni zile tulizolipa sisi, na bei ya mbao inapanda na kushuka, kwa hiyo ulizia kwenu kabla.

– Mbao za 2 kwa 4, futi 12, vipande 4: 32,000
– Mbao ya 2 kwa 2, futi 12, kipande 1: 4,000
– Plaiwudi ya milimita 18, karatasi 1 (futi 4 kwa 8): 65,000
– Bolti za inchi 5 na nati na washa zake, 12: 9,600
– Bawaba za inchi 3, jozi 4: 10,000
– Skrubu na gundi ya mbao: 12,000
– Msasa: 3,000
– Kukatiwa plaiwudi kwa mashine: 5,000
– Usafiri wa bajaji: 5,000

Jumla 145,600. Ni chini ya nusu ya ule mkopo, na haina marejesho ya Jumatatu.

Kama hela haifiki hapo, kinachopandisha gharama ni plaiwudi. Tafuta mlango bapa wa zamani, watu wakibadilisha milango wanauza bei rahisi. Mlango una urefu wa futi 6 na zaidi kidogo, upana ni kama futi 2 na nusu au zaidi, na uso wake ni laini. Utakosa bawa tu, na urefu wa fremu utaupima upya kufuata mlango wenyewe. Njia nyingine ni zile mbao nyeusi za kumwagia zege, watu wanaziita marini. Kwa mafundi ujenzi zinapatikana zilizotumika. Chagua ambayo uso wake haujabanduka, na kwangua saruji yote.

KUCHAGUA MBAO KWENYE MVUA YETU

Hapa wa Rungwe tusikilizane vizuri. Wilaya yetu ni kati ya zinazopata mvua nyingi kabisa Tanzania. Mbao nyingi zinazouzwa barabarani bado ni mbichi, na mbao mbichi ukiifunga leo, baada ya mwezi imepinda na meza inacheza.

Mbao za paini kwetu zipo, tuna shamba la miti la Serikali la Kiwira na watu wengi wamepanda ya kwao. Paini ni nyepesi, inakatika vizuri kwa msumeno wa mkono na inapokea skrubu. Mlingoti ni mgumu na una nguvu, lakini ukiwa mbichi unajinyonga na kupasuka ukikauka. Kwa mtu anayejitengenezea mwenyewe, chukua paini.

Namna ya kujua mbao kavu: inyanyue, kavu ni nyepesi kuliko mwenzake wa kipimo hicho hicho. Ishike na shavu, mbichi ni ya baridi. Gonga na kidole, kavu inalia, mbichi inakaa kimya. Kisha iweke usawa wa jicho uangalie kwa urefu kama umeshika bunduki, utaona kama imepinda.

Ukikosa kavu, nunua mbichi mapema. Ipange ndani au chini ya paa, kila mbao itenganishwe na mwenzake kwa vijiti ili hewa ipite, na juu weka mzigo mzito. Usiianike juani, itapasuka. Mpe wiki tatu au nne. Ndiyo maana miezi mizuri ya kazi hii kwetu ni wa nane mpaka wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Na ndiyo miezi ya kabla ya msimu wa sare, maana shule zinafunguliwa Januari na wazazi wanakuja wote kwa pamoja.

KUKATA

Hapa ndipo hesabu inapendeza. Mbao ya futi 12 ni inchi 144.

Mbao ya kwanza: miguu minne ya inchi 35 na robo. Ukiongeza unene wa plaiwudi, unapata inchi 36. Minne ni inchi 141, inatosha na inabaki kidogo ya msumeno. Kama wewe ni mrefu na unataka meza ya inchi 38, mbao moja haitoshi miguu minne, ongeza kipande.

Mbao ya pili: mbao ndefu mbili za inchi 66, za juu.

Mbao ya tatu: mbao ndefu mbili za inchi 66, za chini.

Mbao ya nne: mbao fupi nne za inchi 28. Inabaki inchi 32. Hapo kata mikono mitatu ya inchi 10, itabeba bawa.

Ile ya 2 kwa 2: kata vipande vinne vya inchi 28. Viwili vitabeba katikati ya meza, viwili vitabeba rafu ya chini. Kinachobaki kigawe mara mbili, vitakuwa vya mshazari nyuma.

Plaiwudi: kwanza ikatwe kwa upana kwenye futi 6. Unapata kipande cha 4 kwa 6, na kingine cha 4 kwa 2. Kile cha 4 kwa 6 kipasuliwe kwa urefu: futi 3 ni meza, futi 1 ni bawa. Kile cha 4 kwa 2 ni rafu. Hakuna kinachotupwa. Mpe fundi mwenye mashine aikate, usiipasue kwa msumeno wa mkono, maana ukingo wa mbele ndiyo utakaokuwa unapitisha kitambaa kila siku.

KUUNGA

Ungia ndani ya chumba chenyewe. Ukiungia nje, mlangoni haipiti.

Hatua ya 1. Tengeneza pande mbili za kichwani. Kila upande ni miguu miwili na mbao fupi mbili. Mbao fupi ya juu iwe sawa na ncha ya mguu, ya chini iwe inchi 8 kutoka sakafuni. Uso mpana wa mguu uangalie mbele ya meza. Paka gundi, kisha funga skrubu mbili kila kiungo. Toboa kwanza kwa drili nyembamba ili mbao isipasuke. Misumari usitumie hapa, meza ya kukatia inasukumwa kila siku na misumari inalegea.

Hatua ya 2. Simamisha pande zote mbili, ziunge kwa mbao ndefu nne kwa bolti. Mbao za juu bolti mbili kila kiungo, moja juu kidogo na nyingine chini kidogo, zisiwe kwenye mstari mmoja. Mbao za chini bolti moja inatosha. Hapa hakuna gundi. Sababu ni kwamba wengi wetu tumepanga. Mwenye nyumba akisema hama, unafungua bolti 12, unabeba pande mbili na mbao nne, unakwenda kuunga kwingine. Mali yako haibaki kwa mtu.

Hatua ya 3. Kabla hujakaza bolti, pima kona kwa kona. Chukua futi kamba, pima kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu ni mraba. Visipolingana, sukuma kona yenye kipimo kirefu mpaka vilingane, ndiyo ukaze. Hii ni Pythagoras ile ile ya sekondari tuliyokuwa tunauliza itatusaidia nini. Hata plaiwudi ikaguliwe hivyo hivyo: kipande cha futi 3 kwa 6, kona kwa kona ni inchi 80 na nusu. Kikija tofauti, hakijakatwa mraba, na ukikitumia kupimia mikunjo, kila gauni litakuwa limepinda.

Hatua ya 4. Funga vile vipande vya 2 kwa 2 vinavyobeba katikati, na vile vya mshazari nyuma, kutoka kwenye mguu kwenda kwenye mbao ndefu ya juu. Mshazari ndiyo unaozuia meza kuyumba kushoto na kulia.

Hatua ya 5. Weka plaiwudi juu. Itokeze inchi 3 kila kichwa, inchi 3 mbele na inchi 1 nyuma. Funga kwa skrubu kutoka juu na kichwa cha skrubu kizame kabisa ndani ya mbao. Usipake gundi, ili siku ya kuhama itoke. Pale skrubu ilipozama jaza kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kisha piga msasa. Kichwa cha skrubu kikichomoza kidogo tu, kitavuta uzi wa hariri ya mteja.

Hatua ya 6. Bawa. Lifunge mbele kwa bawaba nne, upande wa chini, ili juu pawe tambarare. Mikono mitatu ifunge kwenye mbao ndefu ya mbele, kila mmoja kwa bawaba moja, ifunguke kama mlango. Unanyanyua bawa, unafungua mikono, bawa linakaa juu yake. Ukimaliza unairudisha mikono, bawa linashuka.

Hatua ya 7. Rafu chini, juu ya vile vipande viwili. Tumeiweka juu kidogo kwa makusudi, kwa sababu ya unyevu wa sakafu na kwa sababu ya kuku. Hapo panakaa oda zilizokatwa, kila oda kwenye mfuko wake na jina la mteja.

Chini ya miguu gundisha vipande vya ndala kuukuu. Vinazuia meza kuteleza, vinazuia maji ya kudeki yasipande kwenye mbao, na kama sakafu haiko sawa unaongeza kipande upande mmoja.

USO WA MEZA

Uso ndiyo unaogusa mali ya mteja, usiuchukulie poa. Piga msasa mnene kwanza, kisha wa kati, mwisho mwembamba. Kona zote zizungushe kidogo. Ukimaliza, chukua soksi nyembamba ya nailoni, vaa mkononi, pitisha meza nzima na kingo zake. Itakaponasa pana kibanzi, rudia msasa hapo.

Usipake rangi ya mafuta wala oili chafu kwenye uso. Oili chafu inafaa kwa nguzo za nje dhidi ya mchwa, lakini kwenye meza ya nguo itahamia kwenye kitambaa. Sisi tuliiacha mbao kama ilivyo na juu tukavuta kitambaa cheupe cha pamba, kile cha marekani, tukakibana kwa pini za stepla upande wa chini. Kikichafuka kinafuliwa.

Kupiga pasi, weka blanketi lililokunjwa mara mbili upande mmoja wa meza. Plaiwudi imeunganishwa kwa gundi, joto na mvuke wa moja kwa moja vinaibandua. Na wanaotumia pasi ya mkaa, ipulizie nje, usiipulizie ndani. Jivu likitua kwenye shati jeupe la shule umerudi kwenye kufua.

Kwenye ukingo wa mbele chora alama za inchi kwa penseli, kuanzia 0 hadi 72, kisha zikazie kwa kalamu isiyofutika. Lakini kama unauza vitambaa kwa mita, alama hizi ni za kazi yako tu. Kumpimia mteja anayenunua, tumia rula iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Usije ukaingia matatani.

Mwisho, weka meza karibu na dirisha. Huku kwetu kuna siku ukungu unashinda mpaka saa sita na umeme nao una siku zake. Kama unakatia mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto, ili kivuli cha mkono kisifunike alama ya chaki.

MEZA IMEBADILISHA NINI

Jirani yangu alirudi kwenye daftari lake baada ya mwezi. Cherehani sasa ilikuwa inazunguka masaa matano hivi kwa siku. Alichofanya ni kukata kwa mafungu. Mashati manne ya saizi moja anapanga vitambaa tabaka nne, anabana kwa pini, anakata mara moja. Chini kwenye mkeka hilo halikuwezekana, kwa sababu ukipiga magoti juu ya kitambaa tabaka zinahama. Asubuhi anakata, mchana anashona, jioni anaweka vifungo, na mtoto analala kitandani bila kuhamishwa.

Msimu wa sare ulipoisha alikuwa na akiba ya kuanzia cherehani ya pili. Bado hajainunua. Anasema ataangalia kwanza rafu ya chini: vipande vikianza kurundikana wiki mbili mfululizo, ndiyo ananunua.

Na ukifika hapo na hela haitoshi, kuna njia zaidi ya kausha damu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, akueleze masharti ya kikundi. SIDO nao wana ofisi Mbeya, uliza mafunzo na mikopo yao. Na mtu yeyote anayekuja mlangoni kukukopesha, mwombe kwanza leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Kazi ya leo ni ndogo, haina hata gharama. Chukua daftari, andika siku tatu. Ukishajua mashine yako inalala masaa mangapi, ndiyo uende kuulizia bei ya mbao.